Kuanzisha jumuiya ya ushauri nasaha Unguja na Pemba: mwongozo wa kulinda siri na hiari ya mtu

Karibu kila ofisi Unguja na Pemba ina daftari la wageni mlangoni. Ukiingia unaandika jina lako, unakotoka, unayekuja kumuona na namba yako ya simu, kisha unatia saini. Kwa ofisi ya ardhi hapana neno. Lakini mlango ukiwa ni wa nyumba ambayo mwanamke anakwenda kueleza anavyopigwa, au kijana kueleza anavyotaka kuacha unga, daftari hilo ni tangazo. Anayefuata kuandika anasoma jina la aliyemtangulia, na katika visiwa vyetu anayefuata huenda akawa wifi yake.

Mwongozo huu ni wa wale wanaotaka kuanzisha jumuiya ya ushauri nasaha hapa kwetu, iwe mjini, Makunduchi, Chake Chake au Micheweni. Nimeuandika kwa sababu naona nia njema nyingi, na naona nia hiyo ikiegemea ahadi ya mdomo: "Usiwe na wasiwasi, hapa tunatunza siri." Ahadi peke yake haitoshi. Siri huvuja kwenye karatasi, kwenye ukuta mwembamba, kwenye simu inayolia mbele ya watu, kwenye fomu ya mfadhili. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na watu hao wameungana kwa ukoo, skuli, chuo cha Qur'ani, harusi na hitima. Aliyeumbuliwa Wete hana Wete nyengine ya kuhamia. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa kabla mlango haujafunguliwa.

Hatua ya 1: Kubalianeni mteja ni nani

Hapa kwetu wengi hawaji, huletwa. Mama anamleta binti aliyeacha kula tangu posa ilipokuja. Mume anamleta mke "akasemeshwe". Baba mdogo anamleta kijana anayevuta bangi. Sheha anawatuma bwana na bibi ambao ugomvi wao umewachosha majirani. Aliyeleta ndiye anayezungumza, ndiye aliyetoa nauli, na mara nyingi jibu analolitaka analo tayari. Anatafuta mtu wa kulisema kwa niaba yake.

Amueni tangu sasa kwamba mteja ni yule ambaye maisha yake ndiyo yanayozungumzwa. Si aliyemleta, si aliyelipa, si aliyepiga simu. Kisha wekeni utaratibu unaofuata uamuzi huo. Aliyeletwa aonwe peke yake kwanza, hata kwa dakika kumi, na swali la mwanzo liwe lile lile kwa kila mtu: "Wewe mwenyewe ungependa kuzungumza nasi?" Akisema hapana, ashukuriwe kwa kuja, aambiwe kwamba anaweza kurudi siku yoyote atakayotaka mwenyewe, na aachwe aende. Aliyemleta atakasirika. Muwe na maneno ya kumwambia, kwa heshima anayostahiki: "Mama, tumemuona na tumemsikiliza. Kurudi kwake ni hiari yake. Na wewe ukipenda kuzungumza kuhusu mzigo uliokuwa nao, karibu, tutakupa mnasihi wako." Mnasihi wake awe mwengine, si yule aliyemuona mtoto. Nasisitiza hili kwa sababu mara nyingi mama huyo naye ana ya kwake ya kusema, na mtu mmoja akiwasikiliza wote wawili atajikuta anabeba maneno ya huyu kwenda kwa yule bila kukusudia.

Hiari haina maana ya upweke. Wapo wanaodhani kuheshimu uamuzi wa mtu ni kumtenga na jamaa zake, na hapo ndipo wazee wetu wanapoziogopa ofisi hizi. Wengi wetu huamua mambo makubwa kwa kushauriana na mama, na mjomba, na somo. Mteja akitaka shangazi yake akae chumbani, shangazi akae. Linalobadilika ni mwenye ruhusa ya kumwita: ni mteja, na ni mteja huyo huyo anayeweza kusema kwamba leo shangazi abaki nje.

Andikeni pia yale ambayo mnasihi hafanyi. Hamwambii mke arudi kwa mumewe wala amuache. Hatoi fatwa, hatangui ndoa, hamsomei mtu. Mteja akitaka hukumu kuhusu talaka au malezi ya watoto, Mahakama ya Kadhi ipo kwa kazi hiyo, na mnasihi anaweza kumueleza njia ya kufika huko. Akisema anakwenda kusomewa kwa shekhe, au anakwenda kwa mganga, ni shauri lake. Mnasihi atauliza anapata nafuu gani, na atamueleza kwamba Kidongo Chekundu kuna hospitali ya maradhi ya akili, na kwamba anaweza kumeza dawa na kuomba dua pamoja. Pale penye madhara tu, mtu kufungwa minyororo, kuchapwa au kunyimwa chakula, ndipo jumuiya isimame na kukataa waziwazi.

Na ombi langu moja hapa: msimkumbushe mteja kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo ina kazi zake, lakini ndani ya chumba cha nasaha hugeuka fimbo. Mtu akikaa kimya saa nzima, amekaa kimya saa nzima. Atasema siku atakayokuwa tayari, na asiposema kabisa pia ni haki yake.

Hatua ya 2: Usajili na katiba

Kwa miaka mingi jumuiya za hapa ziliandikishwa chini ya Sheria ya Jumuiya Namba 6 ya 1995. Nendeni kwa Msajili mchukue masharti na ada za mwaka huu, msitegemee nakala ya katiba mliyoazima kwa rafiki. Hili halina mengi.

Mengi yako ndani ya katiba yenyewe. Tieni kifungu kinachosema kwamba mjumbe wa bodi, hata mwenyekiti, haruhusiwi kusoma jalada la mteja. Tieni chengine kwamba hazipokelewi fedha zenye sharti la kutoa majina au sura za wateja. Cha kwanza kitaonekana cha utovu wa adabu kwa baadhi ya watu. Mwenyekiti kwa kawaida ni mtu mzima mwenye heshima zake, pengine ndiye aliyetoa meza na viti. Siku atakayouliza kwa mapenzi tu, "Yule mtoto wa jirani yangu anaendeleaje?", hakuna kijana wa ofisini atakayethubutu kumnyima jibu ila awe na kifungu cha kuonesha. Kifungu hicho kinamlinda kijana, na kinamlinda mwenyekiti pia.

Chagueni jina lisilotangaza shida. Jina la jumuiya litaonekana kwenye kibao, kwenye stakabadhi, na kwenye ujumbe wa malipo ya simu. Mteja akilipa kwa simu na mumewe akausoma ujumbe, jina kama "Kituo cha Wanawake Wanaonyanyaswa" limeshasema yote. Jina la mti, la bahari au la mtaa linatosha.

Kuhusu sheria, faragha ya mtu imo katika ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Iko pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ambayo inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Kwa Zanzibar sheria hiyo haigusi mambo yasiyo ya Muungano, kwa hiyo mtafuteni mwanasheria awaoneshe inapowafikia na isipowafikia. Mimi nashauri mfuate misingi yake bila kungoja kulazimishwa. Chukueni taarifa mnazozihitaji tu, zitumieni kwa kazi ile mliyomwambia mwenyewe, na mwenyewe akitaka kuziona au kuzisahihisha, mpeni.

Hatua ya 3: Nyumba na mlango wake

Kabla ya kulipa kodi, simameni nje ya nyumba hiyo mara tatu: asubuhi, baada ya Alasiri, na usiku baada ya Isha. Angalieni nani anakaa kwenye baraza. Maskani ya vijana mbele ya mlango, au baraza la wazee wanaocheza bao upande wa pili wa kichochoro, maana yake ni kwamba kila anayeingia atahesabiwa. Wazee hao hawana ubaya wowote. Ni kwamba wamekaa hapo kwa miaka, na macho yao yako njiani.

Nyumba nzuri ni ile yenye sababu nyingi za mtu kuingia. Jengo lenye cherehani chini, duka la dawa pembeni na nyinyi juu linafaa kuliko nyumba ya peke yake yenye kibao kikubwa na bendera za wafadhili. Ikiwa na mlango wa mbele na wa uani, vizuri zaidi. Mpangilio wa miadi uache robo saa baina ya mteja na mteja, ili anayetoka asikutane na anayeingia, na chumba cha kungojea kiwe na viti visivyotazamana.

Sauti ipimeni, msiikisie. Mtu mmoja aingie chumbani asome gazeti kwa sauti ya kawaida, mwengine akae pa kungojea. Akisikia maneno, chumba hakifai. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zina dari za juu na vyumba vilivyogawanywa baadaye kwa mbao, na sauti hupita juu ya mbao hizo vizuri sana. Nyumba za bati nazo zina taabu yake: mvua za masika zikipiga, watu hupandisha sauti bila kujijua, na mvua ikikatika ghafla maneno yamebaki hewani. Redio ya sauti ya chini pa kungojea inasaidia. Kuziba juu ya mbao kunasaidia zaidi.

Kisha kuna jambo ambalo miongozo ya kigeni hailigusi, na kwetu likikosewa hakuna mwanamke atakayekuja. Mwanamume na mwanamke wasio maharimu kujifungia chumbani ni khalwa, na mteja mwenyewe huenda asijisikie huru hata kama hasemi. Wekeni wanasihi wanawake wa kutosha na muulizeni kila mteja anataka kuzungumza na nani. Ikibidi wawe jinsia mbili, chumba kiwe na kioo kwenye mlango au dirisha linaloelekea mahali anapokaa mfanyakazi, waonekane bila kusikika, na mteja akae akikipa kioo mgongo ili uso wake, khasa akilia, usionwe na mtu. Kwa waliovaa nikabu, msiwaambie waifunue mlangoni ili "mtambuliwe". Hamuhitaji kumtambua mtu mlangoni.

Na daftari la wageni liondoeni. Mlinzi akisema ameelekezwa aandike, mpeni kadi za namba: anayeingia anapewa kadi, anayetoka anairudisha.

Hatua ya 4: Watu

Msidhani kazi hii ni ya wenye shahada tu. Mwaka 2006 huko Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na bibi wachache wa mtaa wa Mbare, akawafundisha kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza na watu wenye huzuni na wasiwasi. Matokeo ya utafiti uliochapishwa 2016 yalionesha kwamba waliozungumza na bibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Lililowafanya bibi wale wafae ni mafunzo, mpango mmoja wa mazungumzo, na msimamizi wa kitaalamu wa kumrudia kila walipokwama. Benchi msiliige bila ya kufikiri. Harare ni jiji kubwa. Benchi la wazi Makunduchi ni baraza jengine tu.

Sisi tuna makungwi na masomo, wanawake ambao kwa vizazi wameambiwa mambo ya ndani ya nyumba na hawakuyatoa. Waalikeni. Wanajua kusubiri, wanajua kuuliza bila kufedhehesha. Ila mafunzo yao yatilie mkazo jambo moja: kungwi amezoea kuelekeza, "fanya hivi, usifanye vile", na hapa anatakiwa amuache mwenyewe afikie uamuzi. Mabadiliko hayo si madogo na yanataka miezi ya kukaa pamoja na mtu mwenye uzoefu.

Kiapo cha siri wakisaini wote. Wote ni pamoja na mlinzi, anayesafisha, dereva na kijana wa kompyuta. Tena msiwasainishe tu. Wakalisheni muwaeleze kwa mifano. Anayesafisha hujua kuliko mkurugenzi nani amekuja, maana ndiye anayeokota karatasi na ndiye anayekaa ukumbini. Lipeni mishahara yao kwa wakati. Nalitaja kwa sababu mfanyakazi asiyelipwa miezi mitatu hubaki na hasira, na hasira huzungumza.

Undugu na ujirani ndilo tatizo la kila siku. Haiwezekani mnasihi wa Konde asijuane na wateja wa Konde. Kwa hiyo kila mteja mpya, kabla ya kikao, mnasihi aone jina tu na awe na ruhusa ya kusema "sitoweza huyu" bila ya kuulizwa sababu, maana sababu yenyewe ni siri. Mteja naye aulizwe: "Mnasihi wako atakuwa Bi fulani. Je, mnajuana kwa namna itakayokutia tabu?" Jumuiya ikiwa na watu pande zote mbili, mteja wa Pemba apewe nafasi ya kuzungumza kwa simu na mnasihi aliye Unguja. Kuna misiba ambayo hata hilo halitatui. Meli ya Spice Islander ilipozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, na Skagit ikafuata Julai 2012, mauti yaliingia katika nyumba nyingi mno, na aliyekaa kumliwaza mfiwa mara nyingine naye alikuwa mfiwa. Mnasihi wa hapa anahitaji mtu wake wa kumwambia yanayomsibu, kila mwezi, na gharama hiyo iwemo kwenye bajeti tangu mwanzo.

Hatua ya 5: Ahadi ya siri na mipaka yake

Ahadi isiyo na mipaka ni uongo, na mteja akija kuugundua hatarudi yeye wala aliowaambia. Mwanzo wa kikao cha kwanza, kabla hajasema lolote zito, aambiwe kwa maneno mepesi:

"Utakayoyasema hapa hayatoki. Hatuwaambii wazazi wako, mumeo, sheha wala polisi kwamba umekuja. Kuna mambo matatu tu yatakayotulazimisha kumwambia mtu mwengine: ukiwa katika hatari ya kujiua, ukituambia unataka kumdhuru mtu, au mtoto akiwa anadhuriwa. Mahakama ikituamuru pia hatuna hiari. Likitokea lolote katika haya, wewe ndiye utakayejua kwanza tutamwambia nani na tutasema nini."

Mwacheni aulize. Wapo watakaoamua, baada ya kusikia hivyo, kunyamaza kuhusu jambo fulani, na mnasihi atatamani asingemwambia. Lakini huko ndiko kuamua kwenyewe: mtu hawezi kutoa ridhaa kwa jambo ambalo hakuelezwa. Karatasi ya ridhaa isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili cha nyumbani, na asiyejua kuandika asaini kwa namba yake ya jalada na shahidi wa kumchagua mwenyewe au asisaini kabisa, mnasihi aandike tu kwamba amekubali kwa mdomo.

Kwa nini kuwe na mipaka? Mwaka 1969 huko California, Marekani, kijana mmoja alikuwa amemwambia mtaalamu wake wa saikolojia kwamba anataka kumuua msichana aitwaye Tatiana Tarasoff. Mtaalamu aliwaarifu polisi wa chuo kikuu, wakamshika kijana kwa muda mfupi wakamwachia. Msichana na familia yake hawakuambiwa kitu, na aliuawa. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu kabisa ya jimbo hilo iliamua kwamba mtaalamu ana wajibu wa kuchukua hatua za kumlinda aliyekusudiwa. Hukumu hiyo haitufungi sisi, lakini swali lake litawafikia, na usiku litakapowafikia hamtakuwa na muda wa kuitisha mkutano. Andikeni sasa: mnasihi anampigia nani ndani ya jumuiya, watu wawili gani wanaamua, na kipi kinasemwa. Kinachosemwa kiwe kile tu kinachookoa maisha. Anayeambiwa kwamba kijana asiachwe peke yake usiku huu hahitaji kuambiwa kijana alifanyiwa nini utotoni.

Kwa watoto, Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011 inamhesabu mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18. Mwanasheria wenu aandike ukurasa mmoja kuhusu wajibu wenu chini ya sheria hiyo, na ubandikwe katika chumba cha wanasihi. Namba ya simu ya watoto, 116, na mahali vilipo Vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako aliyedhalilishwa hupata matibabu, polisi na nasaha mahali pamoja, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, viwe vimeshaulizwa na kujulikana. Mtoto naye aelezwe. Hata wa miaka tisa anaweza kuambiwa, "Nitamwambia mtu mmoja ili uache kuumizwa, na nitakuwa na wewe."

Kwa mtu mzima mwenye akili zake, kupelekwa polisi au hospitali ni kwa ridhaa yake. Mwanamke aliyepigwa akisema hataki kwenda, elezeni faida na hatari, muulizeni atalala wapi leo, mpeni namba za kupiga. Msimburure.

Hatua ya 6: Majalada na simu

Jalada libebe namba, si jina. Orodha inayounganisha namba na majina ikae kwenye kabati jengine, na ufunguo wake kwa watu wawili tu. Andikeni kidogo: tarehe, nini kilizungumzwa kwa sentensi chache, nini kimekubaliwa. Majina ya watu wengine waliotajwa yasiandikwe. "Ndugu wa mume" inatosha. Pimeni kila sentensi kwa kujiuliza kama mnasihi angeweza kuiandika mteja akiwa amekaa ubavuni anasoma.

Simu ndiyo inayovunja nyumba nyingi zaidi, kwa maoni yangu, kuliko mdomo wa mtu yeyote. Muulizeni mteja siku ya kwanza: tukupigie namba gani, saa ngapi, nani mwengine hushika simu hiyo, na tukipokelewa na mtu mwengine tuseme sisi ni nani? Jibu liandikwe na lifuatwe. Simu moja hutumika na watu wanne katika nyumba, na ujumbe wa "usisahau kikao chako kesho" umeshasomwa kabla haujamfikia mwenyewe. Asiyetaka kupigiwa kabisa apewe siku ya kurudi, basi.

Simu ya kazi iwe ya ofisi na ibaki ofisini. Mnasihi asiweke majina ya wateja kwenye simu yake, asiwatie kwenye kundi la WhatsApp, asiwaulizie kesi kwenye kundi la wanasihi hata kwa kuficha jina, kwa sababu "dada mmoja wa Mkoani, mwalimu, mumewe yuko Oman" ni jina kamili kwa mtu wa Mkoani. Akikutana na mteja Darajani au harusini, ampite kama hamjui mpaka mteja mwenyewe atoe salamu. Mteja aambiwe mapema kwamba atapitwa hivyo, asije akadhani amedharauliwa.

Hatua ya 7: Sheha, polisi, maimamu

Nendeni kwa sheha kabla ya kufungua. Ni mtu wenu, mtamuhitaji, na yeye ndiye atakayewaletea watu. Mwambieni kwa adabu kwamba akimleta mtu mtamshukuru, ila hamtomrejeshea habari, hata ya kama mtu alifika. Jibu liwe moja kwa wote: "Sheha wetu, hatusemi nani amekuja wala nani hakuja." Likitumika kwa kila jina, halimfichui yeyote; likitumika kwa baadhi ya majina tu, limeshajibu. Polisi nao vivyo hivyo, ila wakija na amri ya mahakama iandikwe, inakiliwe, na apigiwe mwanasheria kabla ya kufungua kabati. Maimamu waelezeni kazi yenu na mipaka yake. Wengi wao hubebeshwa siri nzito baada ya sala na watafurahi kuwa na pa kumuelekeza mtu.

Hatua ya 8: Mfadhili

Hapa ndipo jumuiya nyingi nzuri huteleza, kwa sababu anayeomba ndiye anayelipa mishahara. Ataomba orodha ya mahudhurio yenye saini. Ataomba picha. Ataomba "hadithi ya mafanikio". Jibuni kabla ya kusaini mkataba, si baada ya fedha kuingia: tutatoa idadi, umri kwa makundi, wilaya, na aina ya shida. Idadi ikiwa ndogo mno, kama watu wawili wa shehia moja, changanyeni na shehia nyengine, maana wawili wa shehia moja wanajulikana.

Picha ya mteja isipigwe hata akiridhia. Najua wapo watakaosema kwamba hapo nimeiacha hiari niliyoitetea tangu mwanzo, lakini mtu aliyetoka kusaidiwa hana uhuru wa kumkatalia aliyemsaidia, na ridhaa ya shukrani si ridhaa. Kuziba macho kwa mstari mweusi hakusaidii kitu Pemba. Kanga ile ile, ukuta ule ule wa udongo, mtoto yule yule mgongoni, na sauti ikiwekwa redioni ndiyo kabisa. Mfadhili akitaka kuona kazi, mpelekeni aone chumba kitupu, kabati lenye kufuli, kadi za namba mlangoni, na azungumze na wanasihi kuhusu kazi yao. Akikataa, mtafuteni mwengine au fanyeni kidogo kwa michango yenu.

Hatua ya 9: Malalamiko, na siku ya kufunga

Sanduku la maoni halifai. Hati ya mkono hujulikana, na anayelifungua ndiye anayelalamikiwa. Wekeni namba ya simu inayoshikwa na mtu asiyelipwa na jumuiya, mwanamke mtu mzima au mwanasheria, na kila mteja apewe namba hiyo siku ya kwanza. Mlalamikaji aamue mwenyewe kama anataka jina lake litajwe. Mnasihi aliyetoa siri asimamishwe siku hiyo hiyo, na mteja aliyetolewa siri aambiwe ukweli, hata kama mngetamani asijue.

Miradi huisha. Fedha zikikatika ghafla, majalada hubaki katika chumba ambacho mwenye nyumba anataka funguo zake Ijumaa. Kwa hiyo katika katiba andikeni nani atayashika, kwa muda gani, na namna yatakavyoharibiwa. Mimi napendekeza mteja aulizwe tangu mwanzo anataka jalada lake lifanywe nini ikitokea hivyo: apewe, lihamishiwe kwa mnasihi mwengine atakayemtaja, au lichomwe. Miezi mitatu kabla ya kufunga, kila mteja aarifiwe kwa njia ile aliyoichagua, apewe majina ya mahali pengine pa kwenda, na apewe kikao cha mwisho cha kuagana. Majalada ya kuchomwa yachomwe mbele ya wajumbe wawili wa bodi, yakiwa kwenye bahasha zilizofungwa, na waandike namba walizoziona zikiteketea. Orodha ya majina ichomwe ya mwisho.